Presha, Mishipa ya Damu na Kumbukumbu ya Mzee: Hatua za Nyumbani na Kliniki

Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote mwilini. Hauna akiba ya maana. Huishi kwa damu inayoletwa na mishipa dakika kwa dakika. Mshipa mkubwa ukiziba ghafla, mtu hupata kiharusi ambacho kila mtu hukiona. Mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo ikikakamaa na kuziba mmoja mmoja, hakuna anayeanguka wala kupooza. Mzee huanza tu kuchelewa kujibu, kutembea kwa hatua fupi na kuchanganya hesabu za duka alilolisimamia miaka mingi. Presha iliyokaa juu kwa miaka mingi ndiyo sababu kubwa ya uharibifu huo, na huandamana na kisukari, tumbaku, lehemu nyingi katika damu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Familia nyingi huuliza kama ipo dawa ya kurudisha kumbukumbu. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa hairudi. Kinachowezekana, na ndicho chenye thamani kubwa, ni kupunguza uharibifu unaoendelea, na kazi hiyo hufanywa zaidi na kipimo cha presha, daftari na vidonge visivyokatizwa kuliko na dawa yoyote inayouzwa kwa jina la kumbukumbu.

## Dalili zinazoelekeza kwenye mishipa

Kusahau jina la mgeni kisha kulikumbuka jioni ni jambo la kawaida la umri. Dalili zifuatazo, hasa zikija mbili au tatu pamoja kwa mtu mwenye presha au kisukari, si za kupuuzwa:

- Uzito wa kufikiri. Jibu ni sahihi, lakini linakuja baada ya kimya kirefu.
- Kushindwa kupanga. Mama aliyepika pilau kwa miaka 40 anasimama jikoni, viungo vyote viko mbele yake, na hajui aanze na kipi.
- Mwendo kubadilika. Hatua zinakuwa fupi, anatanua miguu akitembea, anaanguka bila kujikwaa.
- Mkojo kuharakisha. Anabanwa ghafla na hawahi chooni, ingawa hana ugonjwa wa njia ya mkojo.
- Kukosa hamu. Hataki kutoka, hajali mambo aliyoyapenda, au analia na kucheka upesi kuliko zamani.
- Kushuka kwa ngazi. Hali inatulia kwa miezi, kisha anapungua ghafla na kubaki hapo.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, kwa kawaida kinachotangulia ni kusahau mambo ya karibuni: mazungumzo ya asubuhi, fedha zilizowekwa jana. Wazee wengi wana ugonjwa huo na ule wa mishipa kwa pamoja, kwa hiyo kuambiwa kwamba mzee ana Alzheimer si sababu ya kuacha kuitunza mishipa.

Onyo moja linahitaji kusemwa wazi. Katika baadhi ya maeneo, bibi anayezunguka usiku au kuzungumza peke yake hunyooshewa kidole cha uchawi. Huyo ni mgonjwa. Anahitaji kupimwa na kulindwa, na wa kwanza kusema hivyo mbele za watu anapaswa kuwa mtu wa familia yake.

## Kabla ya kusema "ni uzee"

Baadhi ya visa vya kusahau vina sababu inayotibika. Daktari aombwe aziangalie hizi kabla ya kutoa jina la ugonjwa usio na tiba:

1. Dawa zinazofunika akili. Klofeniramini ya mafua na mzio, amitriptilini, na diazepamu ya usingizi huweza kumchanganya mzee hata kwa dozi ndogo.
2. Upungufu wa vitamini B12, hasa kwa anayetumia metformini miaka mingi.
3. Tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vya kutosha.
4. Sonona. Mzee aliyefiwa na mwenza anaweza kuonekana kama aliyepoteza akili, kumbe ana huzuni nzito.
5. Sukari au sodiamu kushuka. Dawa za kisukari kama glibenklamidi hushusha sukari. Baadhi ya dawa za kukojosha hushusha sodiamu.
6. Damu kuvia kichwani baada ya kuanguka. Pigo linaweza kuwa dogo na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye.
7. VVU na kaswende. Vipimo hivi haviachwi kwa sababu tu mgonjwa ni mtu mzima wa heshima.
8. Masikio na macho. Asiyesikia swali hawezi kulijibu.

Mzee aliyechanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, fahamu zikipanda na kushuka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi kuna maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, malaria au upungufu wa maji mwilini.

## Kupima kumbukumbu bila kalamu

Pingamizi moja husikika mara kwa mara: mzee hakwenda shule, atapimwaje? Vipimo vingi vya zamani vilidai kusoma, kuandika na kuchora, na vilimhukumu mtu kwa shule aliyoikosa. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA kwa ajili ya wazee wa Afrika, kisichohitaji kalamu. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, leo ni siku gani na kiongozi wa mahali pake ni nani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno 10 aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti zifuate umbo alilowekewa mezani. Mkono unaosita juu ya njiti humweleza mpimaji mengi kuhusu uwezo wa kupanga, ambao ugonjwa wa mishipa midogo huuharibu mapema.

Utafiti wa Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na dimenshia, yaani upungufu wa akili unaomzuia mtu kujitegemea. Wilayani humo humo, takriban wazee 7 kati ya kila 10 wa umri huo walikuwa na presha ya juu, na wachache sana walikuwa wameidhibiti. Hapo ndipo kazi ilipo.

## Jinsi ya kupima presha nyumbani

Kipimo kibaya ni hatari kama kutopima, kwa sababu mzee huongezewa au kupunguziwa dawa kwa namba za uongo. Kifaa kinachofaa ni cha kidijitali chenye mkanda wa juu ya kiwiko. Vya kifundo cha mkono huteleza na kudanganya kwa urahisi.

1. Kwa dakika 30 kabla, mzee asinywe kahawa wala chai ya rangi kali, asivute tumbaku, asifanye kazi nzito.
2. Aende haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha namba.
3. Akae dakika 5 kimya kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikiwa chini, miguu isipishane.
4. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati wala kanzu. Uwe wa ukubwa wa mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli.
5. Mkono ulazwe mezani, usawa wa moyo.
6. Asizungumze, na wengine wasimsemeshe.
7. Vichukuliwe vipimo viwili, dakika 1 hadi 2 kati yake, na vyote viandikwe.
8. Mara ya kwanza mikono yote miwili ipimwe. Baadaye utumike ule ulioonyesha namba ya juu.

Wiki moja kabla ya kliniki, presha ipimwe asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula, kwa siku 7. Ukurasa wa daftari uonekane hivi: *Jumanne asubuhi: 152/88, 148/86, mapigo 74. Jioni: 146/84, 144/82, mapigo 70. Alisahau dawa Jumatatu.* Mstari huo wa mwisho humsaidia daktari kuliko namba zenyewe. Namba za siku ya kwanza huachwa, na zilizobaki hutafutiwa wastani.

Makosa ya kawaida: kupima baada tu ya kupanda ngazi au kugombana; kupima mara sita mfululizo mpaka namba ipendeze; kupima pale kichwa kinapouma tu; na kuandika namba nzuri peke yake ili kumfurahisha daktari.

## Namba zina maana gani

- Kliniki: 140/90 au zaidi, kwa siku tofauti, ni presha ya juu.
- Nyumbani: wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu.
- Lengo la matibabu: kwa wengi, kwanza ni kushuka chini ya 140/90. Mzee mwenye nguvu, asiyepata kizunguzungu, anaweza kushushwa chini ya 130 kwa namba ya juu, ile inayoandikwa kwanza. Kwa mzee dhaifu sana, lengo hupangwa na daktari kulingana na hali yake.
- 180/120 au zaidi: apumzike dakika 5 hadi 10, kisha apimwe tena. Ikibaki hapo pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa au kutoona vizuri, apelekwe hospitali mara moja. Bila dalili hizo, aonwe na mtaalamu ndani ya siku moja.

Dozi isirudiwe mara mbili ili kuishusha haraka, na kidonge cha nifedipini kisitumbuliwe chini ya ulimi. Presha inayoporomoka ghafla huunyima ubongo damu na inaweza kuleta kiharusi kilekile kinachoogopwa.

## Ushahidi kwamba juhudi hizi zina maana

Nchini Marekani, utafiti wa SPRINT uliwagawa watu wenye presha wa miaka 50 na zaidi katika makundi mawili: kundi moja lilishushwa namba ya juu chini ya 120 na jingine chini ya 140. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa upungufu mdogo wa kumbukumbu, ule unaotangulia dimenshia, ulipungua kwa takriban asilimia 19 katika kundi la kwanza. Vipimo vyao vilichukuliwa kwa utaratibu mkali ambao kliniki nyingi hazina, kwa hiyo 120 si namba ya mzee kujipangia mwenyewe nyumbani.

Utafiti ulio karibu zaidi na maisha ya vijijini ulifanyika China, katika vijiji 326, na kuhusisha karibu watu 34,000. Wahudumu wa kijiji wasio madaktari bingwa walisimamia dawa za presha, walifuatilia vipimo vya nyumbani na kuwakumbusha wagonjwa. Baada ya miaka 4, dimenshia ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko katika vijiji vilivyopata huduma ya kawaida. Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, akipewa kipimo, dawa na usimamizi, anaweza kuulinda ubongo wa mzee wa kijijini kwake.

## Dawa: mahali ambapo mengi huharibika

Mzee mwenye presha na kisukari hurudi nyumbani na bahasha ndogo nne au tano za dawa, zote nyeupe, zimeandikwa *1×1*, *1×2* na jina kwa mwandiko usiosomeka. Asiyeona vizuri huzichanganya, na aliyeanza kusahau humeza mara mbili au hamezi kabisa. Familia ipange hivi:

- Mtu mmoja awe msimamizi wa dawa, jina lake lijulikane na nyumba nzima.
- Kila bahasha iandikwe upya kwa herufi kubwa: dawa ya nini, asubuhi au usiku.
- Vidonge vya wiki vigawanywe kwenye kisanduku cha siku saba, au vikopo saba vyenye majina ya siku.
- Kumeza kuambatanishwe na jambo asilolisahau: chai ya asubuhi, swala, sala ya jioni.
- Dawa mpya inunuliwe siku 7 kabla ya zilizopo kuisha.
- Kila anapokwenda kutibiwa, abebe dawa zote, zikiwamo za maduka na za miti shamba.

Madhara ya kuripoti, si ya kuvumilia kimya: amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, kaptoprili na enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, dawa za kukojosha humwamsha usiku zikimezwa jioni. Kila tatizo kati ya haya lina dawa mbadala au saa bora ya kumeza. Kuacha bila kusema ndilo kosa.

Dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee hununua kwa magoti na mgongo, hupandisha presha na kuumiza figo. Parasetamoli kwa dozi sahihi ni salama zaidi kwa wengi wao.

Mfungo. Anayefunga Ramadhani aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, ili dawa zihamishiwe futari na daku. Anayetumia dawa za kisukari aambiwe wazi kama kufunga kuna hatari kwake.

## Maswali na mashaka yanayorudiwa

"Hahisi chochote, kwa nini ameze dawa?" Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Kichwa kuuma si kipimo, na kutouma si kupona.

"Presha imeshuka, si amepona?" Imeshuka kwa sababu ya dawa. Akiacha, kwa kawaida hupanda tena, wakati mwingine bila yeye kujua mpaka siku ya kiharusi.

"Ana miaka zaidi ya 80, kuna faida gani?" Utafiti wa HYVET, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusisha watu 3,845 wenye umri wa miaka 80 na kuendelea. Vifo na visa vya moyo kushindwa kufanya kazi vilipungua kwa waliotibiwa presha. Umri peke yake si sababu ya kumnyima mzee dawa.

"Dawa za presha huharibu figo." Presha isiyotibiwa ndiyo huharibu figo. Kipimo cha damu cha figo mara moja au mbili kwa mwaka hutosha kuwaondolea wengi wasiwasi.

"Ameze aspirini kila siku kuzuia kiharusi?" Utafiti wa ASPREE uliotolewa mwaka 2018, kwa zaidi ya wazee 19,000 wa Australia na Marekani wasio na ugonjwa wa moyo wala kiharusi, uliona kuwa aspirini ya kila siku haikuwaongezea miaka ya afya njema, bali iliongeza kutokwa na damu. Aliyewahi kupata kiharusi cha kuziba au ugonjwa wa moyo ana hesabu nyingine. Yeye afuate daktari wake na asiache.

"Na vidonge vya kumbukumbu?" Ginkgo, inayouzwa sana kwa madai hayo, ilijaribiwa Marekani kwa zaidi ya wazee 3,000. Matokeo ya mwaka 2008 hayakuonyesha kuwa inazuia dimenshia. Fedha ya vidonge hivyo ni bora inunue dawa za presha.

"Kitunguu saumu, mlonge, rosela?" Ni vyakula na vinywaji vizuri visipojazwa chumvi au sukari. Haviwezi kuchukua nafasi ya dawa.

## Presha ikishuka mno

Ubongo huumizwa pia na presha ya chini. Mzee anayeona giza akiinuka, au anayeanguka usiku akienda chooni, apimwe akiwa ameketi au amelala, kisha baada ya dakika 1 na dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari apelekewe taarifa. Huenda dozi ipunguzwe, saa zibadilishwe, au dawa ya tezi dume ichunguzwe, kwani baadhi yake hushusha presha. Wakati huohuo mzee anywe maji ya kutosha kama daktari hakumzuia, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, na taa iwepo njiani.

## Sukari, lehemu na mapigo

- Kisukari. Sukari ya juu hukwangua mishipa, lakini kwa mzee anayeishi peke yake au aliyeanza kusahau, sukari kushuka ni hatari ya haraka zaidi. Lengo lake huwa legevu kidogo kuliko la kijana. Kutokwa jasho, kutetemeka na kuropoka ghafla ni ishara za kupima sukari papo hapo.
- Lehemu. Tume ya jarida la Lancet, katika taarifa ya mwaka 2024, iliitaja lehemu mbaya ya umri wa kati miongoni mwa mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Dawa za kundi la statini hutolewa kwa wenye hatari kubwa.
- Mapigo. Vidole viwili viwekwe kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kwa dakika nzima. Mapigo yanayokuja ovyo, bila mpangilio wowote, yapelekwe kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Mpangilio huo mbovu huweza kutengeneza mabonge ya damu yanayokimbilia ubongoni, na dawa za kuyazuia zipo.

## Chakula, mwendo na mambo ya nyumbani

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa kuhesabu chumvi yote. Nyingi hujificha mahali ambapo hakuna anayeitia kwa mkono: viungo vya mchuzi vya pakiti, mkate, soseji, achari, chipsi, ng'onda na papa mkavu. Ng'onda ilowekwe, maji yamwagwe, kisha mchuzi wake usitiwe chumvi tena. Kidau cha chumvi kiondolewe mezani. Chumvi ikipunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki chache ulimi huzoea. Chumvi mbadala yenye potasiamu isinunuliwe kwa mgonjwa wa figo bila kuuliza.

Sahani. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia. Robo iwe maharage, kunde, samaki au kuku. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi. Chai ya sukari vijiko vitatu, mara nne kwa siku, ni vijiko 12 vya sukari vilivyofichwa.

Mwendo. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ya kupumua haraka lakini bado akiweza kuzungumza. Zigawanywe: dakika 10 asubuhi, 15 jioni. Bustani, kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, na kuinuka kitini mara 10 bila kujishika vyote vinahesabika. Nchini Finland, utafiti wa FINGER uliotolewa mwaka 2015 uliwafuatilia wazee 1,260 wenye hatari ya dimenshia kwa miaka 2. Waliounganisha chakula bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na ufuatiliaji wa presha na sukari walikuwa na akili iliyotulia au iliyoimarika kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Faida ilitoka kwenye mambo hayo yote kwa pamoja.

Vya kuacha. Sigara na ugoro viachwe vyote. Hakuna umri ambao kuacha hakusaidii. Pombe za kienyeji zisizojulikana nguvu yake ziepukwe. Jiko la kuni liwe na njia ya moshi au lipikiwe nje.

Usikivu na watu. Masikio yasafishwe nta na yapimwe. Mzee arudishwe kwenye vikao vya ukoo, vikoba, kwaya, bao. Asiachwe peke yake na redio siku nzima.

Usingizi. Anayekoroma kwa nguvu, kukatika pumzi na kusinzia mchana achunguzwe. Ugonjwa huo hupandisha presha usiku.

## Kiharusi: saa ndiyo dawa

Kiharusi kimoja kinaweza kuondoa uwezo ambao umelindwa kwa miaka. Kila mtu nyumbani, watoto wakiwamo, ajue kuangalia:

- Uso: atabasamu; je, upande mmoja umelegea?
- Mikono: ainue yote miwili, je, mmoja unashuka?
- Maneno: arudie sentensi fupi, je, inaeleweka?
- Muda: ikipatikana dalili moja, usafiri utafutwe papo hapo, na saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho iandikwe.

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, katika hospitali zenye kipimo cha CT na wataalamu, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu. Mgonjwa asipewe maji, chakula, aspirini wala dawa ya presha nyumbani: anaweza kupaliwa, au kiharusi chake kikawa cha kuvuja damu. Dalili zilizopotea zenyewe baada ya dakika chache ni onyo la kiharusi kinachoweza kuja. Aonwe siku hiyo hiyo hata kama anasisitiza kuwa ni mzima.

## Mzee aliyekwisha kuanza kusahau

Matibabu ya mishipa yanaendelea, ila kazi inahamia kwa anayemtunza.

- Aongozwe kwa neno moja kwa wakati: "Vaa shati." Kisha: "Twende."
- Asisahihishwe mbele za wageni. Akimwita mjukuu kwa jina la baba yake, mjukuu aitike.
- Vitu vikae mahali palepale kila siku. Jiko la gesi, kisu na dawa vifungiwe.
- Shamba, nyumba, benki na simu ya fedha vizungumzwe mapema, mzee akiwa bado anaweza kusema anachotaka, mbele ya zaidi ya mtoto mmoja.
- Anayetunza apewe siku ya kupumzika. Binti anayelala macho kila usiku naye presha yake ipimwe.

Huko Hai, vikundi vya kuchangamsha akili viliendeshwa kwa mazungumzo, nyimbo, michezo na shughuli wanazozijua wazee, na washiriki walipata nafuu ya akili na ya maisha kwa ujumla. Nyumbani jambo hilo halihitaji vifaa: kuchambua mchele, kusuka ukili, kutaja majina ya ukoo kutoka babu wa nne.

## Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila siku: dawa kwa wakati, matembezi, chumvi kidogo, mazungumzo na mtu.
- Kila wiki: vidonge vigawanywe, presha ipimwe walau siku moja ikiwa imetulia.
- Kila mwezi: dawa zinunuliwe kabla ya kuisha, uzito upimwe, miguu iangaliwe kwa mwenye kisukari.
- Kila miezi 3 hadi 6: kliniki, pamoja na daftari na bahasha zote za dawa. Hospitali nyingi za umma Tanzania zina dirisha la wazee, litumike.
- Kila mwaka: sukari, figo, lehemu, mapigo ya moyo, macho, masikio, na kipimo kifupi cha kumbukumbu.
- Papo hapo: uso kulegea, mkono kushuka, maneno kukwama, au kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Watoto wa mzee mwenye ugonjwa huu wanufaike na ratiba hiyo mapema. Presha ya umri wa miaka 40 na 50 ndiyo inayofungamana zaidi na dimenshia ya miaka 70, kwa hiyo siku ambayo mzee anapimwa, aliyempeleka naye akunje mkono wa shati na apimwe.